FAHAMU MNYAMA WAKO: Paka Mdogo Anapoharisha Baada ya Kuhasiwa

Katika Mji Mkongwe wa Lamu, paka ni jirani. Hulala barazani, husubiri wavuvi warudi na hupunguza panya katika maghala ya vyakula. Hata hivyo, paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano, na huzaa baada ya takriban miezi miwili. Ndiyo maana madaktari wa mifugo huwahimiza wakaazi kuwahasi paka dume na kuwafunga kizazi majike mapema.

Upasuaji wenyewe huchukua muda mfupi. Kazi kubwa hubaki nyumbani, na huwa kubwa zaidi tumbo la paka likichafuka wakati kidonda hakijapona. Somo la toleo hili linahusu hali hiyo.

Mfano wetu

Chukulia paka dume wa miezi minne. Amehasiwa Jumanne na kurudishwa nyumbani jioni akiwa na usingizi. Jumatano anakula vizuri. Alhamisi asubuhi anaharisha mara tatu, na watoto wanaona manyoya ya nyuma yamechafuka. Majirani wanatoa ushauri wa aina tatu. Mmoja anasema apewe maziwa ili apate nguvu. Wa pili anasema anyimwe chakula hadi kesho, tumbo lipumzike. Wa tatu anasema apewe nusu kidonge cha maumivu.

Wote wana nia njema, lakini hakuna ushauri hata mmoja kati ya hiyo unaofaa.

Maziwa ya ng'ombe yana sukari ambayo matumbo ya paka wengi aliyekwisha kuachishwa kunyonya hayawezi kuisaga vyema, hivyo huzidisha kuharisha. Kumnyima chakula kutwa kucha ni hatari kwa sababu paka mdogo hana akiba kubwa mwilini. Sukari ya damu hushuka haraka na akalegea. Ushauri wa tatu ndio mbaya kupita yote. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama ini la binadamu. Hata kipande cha kidonge kinaweza kumuua. Dawa nyingine za maumivu za watu pia zisitumiwe. Kama daktari hakuandika dawa, usimpe dawa.

Kwa nini anaharisha?

Sababu huwa nyingi: kubadilishiwa chakula ghafla, hofu ya safari, dawa alizopewa kliniki, au minyoo. Minyoo ya tumbo huwapata watoto wa paka wengi kupitia maziwa ya mama yao, hata kama mama anaonekana mzima. Viroboto nao hueneza minyoo bapa paka anapojilamba na kuwameza. Sababu ya kutisha zaidi ni virusi vya pavo vya paka, ambavyo huleta homa, kutapika na kuharisha, wakati mwingine damu. Ugonjwa huu huwaua haraka watoto wa paka wasiochanjwa.

Hatua za kufuata

1. Mpigie simu aliyemhasi. Mweleze umri, siku ya upasuaji, idadi ya mara alizoharisha na chakula alichokula.

2. Mpe maji safi muda wote. Vuta kidogo ngozi ya shingoni kisha uiachilie. Ikikawia kurudi, au ufizi ukiwa mkavu na wa kunata, mwili umepungukiwa na maji.

3. Mpe chakula chepesi: kuku au samaki aliyechemshwa, bila mifupa, ngozi, chumvi wala mafuta. Kiwe kidogo kidogo, mara nne hadi sita kwa siku. Vitunguu visiguse sufuria hiyo, kwani huharibu chembe nyekundu za damu za paka.

4. Linda kidonda. Kwa paka dume kidonda kiko chini kidogo ya njia ya haja, na mara nyingi huachwa bila nyuzi. Pangusa manyoya yaliyochafuka kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, ukianzia kidondani kuelekea nje, kisha ukaushe. Usimwogeshe, wala usipake spiriti, chumvi au majivu.

5. Badilisha mchanga wa choo chake kwa karatasi zilizochanwa, maana mchanga hunata kidondani.

6. Mweke ndani, mahali pakavu na penye joto, kwa siku saba hadi kumi. Asipande madirisha wala kulamba kidonda. Kola ya plastiki husaidia. Jike aliyeshonwa nyuzi zisizoyeyuka hurudishwa kliniki kutolewa nyuzi baada ya siku 10 hadi 14.

Usisubiri

Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja ukiona damu kwenye kinyesi, kutapika mara kwa mara, kulegea, ufizi uliopauka, kukataa chakula kutwa nzima, au kidonda kilichovimba, kinachonuka, kinachotoa usaha au kuachana. Kuharisha kukiendelea zaidi ya saa 24, mpeleke hata kama anacheza.

Kinga huanza kabla ya upasuaji

Usimfiche daktari kwamba paka ameharisha wiki hiyo. Akijua, ataahirisha upasuaji hadi apone. Mpe dawa ya minyoo na chanjo kulingana na ratiba utakayopewa. Uliza pia akae saa ngapi bila kula kabla ya nusu kaputi, kwa kuwa watoto wa paka hawafungi muda mrefu kama paka wakubwa. Kisha kumbuka kwamba dume aliyehasiwa anaweza bado kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa.

Afya ya familia

Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumhudumia. Kinyesi kiondolewe kila siku, na mama mjamzito asifanye kazi hiyo, kwa sababu vimelea vilivyomo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Paka akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Jipime

Je, unajua nambari ya simu ya daktari wa mifugo aliye karibu nawe? Je, paka wako alipewa lini dawa ya minyoo? Kama huna jibu, fika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako wiki hii, paka akiwa bado mzima.