Binti amerithi jina la shangazi yake. Je, na ugonjwa pia?

*Mimi ni mama wa mabinti wawili. Mkubwa ana miaka 16 na yuko shule ya upili ya bweni. Muhula uliopita alianza kukonda. Alisema anafunga na kuomba pamoja na wenzake, nami nikaona ni jambo jema. Likizo ilipofika nikaona mengine. Anapika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, anampakulia kila mtu, yeye anasema ameshakula. Alfajiri anatoka kukimbia. Sweta haivui hata jua likiwaka. Hedhi hajaiona kwa miezi minne. Nikimbembeleza ale, analia au ananikasirikia. Sasa amerudi shuleni.*

*Mume wangu alikuwa na dada yake aliyefariki mwaka 1998, kabla sijaolewa. Wanasema alikataa chakula mpaka akaisha. Binti yangu ndiye aliyepewa jina lake. Mama mkwe anasema ugonjwa ulikuja na jina, twende kwa maombi, na maombi yakishindwa twende kwa mganga. Mume anasema ni mambo ya wasichana, yatapita. Mawifi wanasema hata mimi nilikuja kwao nikiwa mwembamba, basi ni damu ya kwetu. Kwenye simu nimesoma kwamba hali hii iko kwenye jeni. Ni kweli? Imetoka kwao au kwetu? Mdogo wake ana miaka 11, naye ataipata? Na je, nisubiri shule zifungwe Agosti ndipo nimpeleke hospitali?*

*Mama wa Wawili, Mutomo*

Mama wa Wawili,

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Usisubiri Agosti. Msichana anayekonda, aliyekosa hedhi miezi minne, anayeona baridi kwenye joto la Mutomo, mwili wake umeshaanza kubana matumizi. Mwili usiopata chakula cha kutosha hupunguza mapigo ya moyo, hushusha joto, husimamisha hedhi. Haya si mambo ya wasichana yanayopita yenyewe. Mfuate shuleni wiki hii.

Siwezi kusema kutoka kwenye barua kwamba ana anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula mpaka mwili unadhoofu huku akili ikimwambia mtu bado anakula sana. Atakayesema ni aliyempima. Kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo, vidonda vya tumbo na huzuni kubwa vyote hukondesha, na ujauzito nao husimamisha hedhi. Anza na hospitali ya misheni ya Our Lady of Lourdes hapo Mutomo au kituo chochote kilicho karibu na shule. Apimwe uzito na urefu, shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, mapigo ya moyo, sukari, na madini ya damu kama potasiamu. Mweleze daktari yote uliyoniandikia, hasa kupikia wengine bila kula na kule kukimbia alfajiri. Kisha omba rufaa kwa daktari wa afya ya akili na kwa afisa wa lishe. Akizimia, moyo ukimpiga vibaya, miguu ikivimba, au akitamka kwamba hataki kuishi, usingoje foleni ya kliniki. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye damu. Ndiyo, anoreksia hurithiwa kwa kiasi, na kilichowaonyesha watafiti ni mapacha. Mapacha wa kufanana wana jeni zile zile. Wasiofanana hushiriki takriban nusu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Mmoja akiugua anoreksia, mwenzake wa kufanana huwa hatarini zaidi kuliko pacha asiyefanana. Tafiti nyingi za namna hiyo huweka mchango wa urithi karibu asilimia 50 hadi 60. Namba hiyo isikutishe. Haisemi kwamba binti yako alizaliwa na nafasi 60 kati ya 100 za kuugua. Inasema kwamba ukiwachukua watu wengi na kuuliza kwa nini huyu yuko hatarini kuliko yule, nusu ya tofauti hiyo au zaidi kidogo inatokana na jeni. Iliyobaki inatokana na maisha.

Mwaka 2019 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti uliowalinganisha watu 16,992 waliowahi kuugua anoreksia na 55,525 wasiokuwa nayo, kutoka nchi 17. Cynthia Bulik wa Chuo Kikuu cha North Carolina alikuwa mmoja wa viongozi wake. Hawakupata jeni moja ya kulaumiwa. Walipata sehemu nane kwenye jeni zenye uhusiano wa wazi na ugonjwa, na dalili kwamba zipo nyingine nyingi, kila moja ikisukuma kidogo tu. Baadhi zinaingiliana na zile za wasiwasi, huzuni, na maradhi ya kurudia rudia jambo bila kuweza kuacha. Nyingine zinahusu jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta, na hata msukumo wa mtu kutotulia mahali pamoja. Kwa hiyo binti anayekimbia alfajiri na tumbo tupu usimwone mkaidi. Huenda mwili wake wenyewe unamsukuma.

Waliopimwa katika utafiti huo walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Hapa kwetu, mradi wa utafiti wa jeni uitwao NeuroGAP uliwahusisha watu wa Kilifi na Eldoret, lakini ulihusu skizofrenia na maradhi ya hisia kupanda na kushuka, si kula. Hakuna kipimo cha damu wala cha mate kinachoweza kukuambia kama mdogo wake ataugua. Anayekuuzia kipimo hicho, weka pesa zako mfukoni.

Usikubali pia anayesema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya wasichana 668 wa shule mbili za sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Walipata 10 ambao wembamba wao ulitokana na kujinyima chakula. Hakuna aliyesema anaogopa kunenepa. Walizungumzia kufunga kwa ajili ya dini na kuitawala nafsi. Soma hapo tena, halafu mkumbuke binti yako na maombi yake. Na hapa Kenya, mwaka 2022 watafiti Victoria Mutiso, David Ndetei na wenzao walichapisha utafiti wa maelfu ya wanafunzi kuhusu ugonjwa wa kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, ambao ni wa ukoo mmoja na huu. Upo kwetu, ila tunauita majina mengine.

Je, umetoka kwao au kwenu? Kila mtoto hupata nusu ya jeni kwa baba na nusu kwa mama. Jeni zinazosukuma kuelekea ugonjwa huu ni nyingi na zimetawanyika katika koo zote mbili. Mawifi wanaohesabu wembamba wako wa siku za harusi hawajui wanachohesabu, nawe usirudishe hesabu hiyo kwa mama mkwe.

Kuhusu jina, mheshimu mama mkwe lakini mweleze hivi. Shangazi na binti ya kaka yake hushiriki takriban robo ya jeni. Robo hiyo ilipita kwa mume wako kabla ya mtoto kuzaliwa, kabla hata hamjakaa kuchagua jina. Mngemwita jina la mama yako mzazi, angekuwa na jeni zile zile. Kumbadilishia jina leo hakutamwongezea kilo moja. Tena hatujui huyo wifi yako aliugua nini. Mwaka 1998 kifua kikuu na UKIMWI vilikuwa vimewakondesha na kuwaua Wakenya wengi bila ugonjwa kutajwa msibani. Muulize mama mkwe kwa upole: alikuwa akikohoa? Alikuwa na homa za usiku? Alitaka kula akashindwa, au chakula kilikuwepo akakataa? Alipenda kupikia wengine? Alianza akiwa na umri gani? Majibu hayo yapeleke kwa daktari. Hiyo ndiyo kazi ya historia ya ukoo: kumharakisha daktari. Mtu wa kulaumiwa hamtampata humo.

Wewe ni mtu wa Ukambani, unayajua matuta ya fanya juu yanayozuia udongo kuchukuliwa na maji. Mteremko wa shamba umeurithi na huwezi kuusawazisha, lakini matuta unayachimba mwenyewe, na shamba lenye mteremko mkali ndilo linalohitaji matuta mapema.

Kwa binti mkubwa, tuta la kwanza ni kukomesha kufunga. Kwa watu wengi, kuruka mlo huleta njaa kali inayowarudisha mezani. Kwa wachache wenye mwelekeo huu, njaa yenyewe huonekana kuwaletea utulivu, na kila mlo unaorukwa hurahisisha kuruka unaofuata. Zungumza na mchungaji au katekista wenu awe wa kwanza kumwambia kwamba mgonjwa hafungi. Likitoka kinywani mwake litakuwa na uzito kuliko likitoka kwako.

Tuta la pili ni chakula, nalo linahitaji tahadhari. Usimrudishe nyumbani ukamlundikia sahani ya isyo, yaani mahindi na maharage, pamoja na nyama kwa siku moja. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishibishwa ghafla, madini ya damu huweza kushuka na moyo ukasimama. Kitui yenu inalijua hili kwa miaka yake ya ukame: mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa, huanzishwa kwa maziwa mepesi ya F-75, kidogo kidogo, kabla ya kupandishiwa. Daktari na afisa wa lishe ndio watakaosema binti aanze na kiasi gani na aongezwe vipi.

Tuta la tatu ni ninyi wazazi. Kwa vijana wa umri wake, tiba yenye ushahidi mkubwa ni ile iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980, ambapo wazazi hushika usukani wa chakula kwa muda huku wakiongozwa na mtaalamu. Mnapanga mlo, mnapakua, mnakaa naye mpaka amalize. Hamumgombezi wala hamumpi hongo. Mwambie hivi: “Najua ni vigumu. Huu ugonjwa hukuuchagua, nami sikulaumu. Lakini leo tutamaliza uji huu pamoja.” Uzito ukirejea, madaraka yanarudi kwake kidogo kidogo. Daktari ndiye wa kuamua kama atabaki shuleni au atakaa nyumbani kwa muda. Akibaki, barua ya hospitali imfikie matroni na mwalimu wa michezo: hafungi, hakimbii, na kuna mtu mzima anayekaa naye mezani.

Kuhusu mdogo wake wa miaka 11. Yeye na dada yake wanashiriki takriban nusu ya jeni, kwa hiyo yuko karibu na ugonjwa huu kuliko dada yake alivyo karibu na shangazi. Tafiti zilizofanyika ng'ambo zilionyesha kwamba dada au binti wa mgonjwa wa anoreksia ana hatari mara kadhaa, hata zaidi ya mara 10, ya msichana mwingine. Inasikika vibaya, lakini ugonjwa wenyewe ni nadra, na hata ukizidishwa hivyo, wengi wa ndugu hao hawaugui kabisa. Utafiti wa mapacha wa Minnesota, Marekani, ulikuta kwamba katika umri wa miaka 11 jeni karibu hazikuwa na mchango wowote katika tofauti za mienendo mibaya ya kula, ilhali kufikia miaka 17 zilieleza takriban nusu. Inaonekana balehe ndiyo inayoziamsha. Maana yake una muda, na muda huo ni huu. Apate milo mitatu kwa wakati, hata kama ni uji, chai ya maziwa na ngima (ugali) kwa mboga. Asiwekwe kwenye mashindano ya kufunga. Mtu yeyote nyumbani, shangazi, mjomba au jirani, asimwambie amenona wala amekonda akapendeza. Akianza kuruka milo, kujificha wakati wa kula, au kwenda chooni kila baada ya chakula, mpeleke apimwe hata kama ni jambo la wiki mbili tu.

Umesema mama mkwe anataka maombi. Mwombeeni, ila siku hiyo apewe uji kwanza. Imani na hospitali zinaweza kwenda pamoja. Jirani zenu wa Makueni wamejaribu: katika muongo wa 2010, shirika la Africa Mental Health Research and Training Foundation, lililoanzishwa na Profesa Ndetei, liliwafundisha waganga na viongozi wa dini kutambua huzuni kubwa na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Mchungaji mwema atafanya hivyo hivyo. Anayekuambia uache dawa au uendelee kumnyima chakula, mwache.

Mumeo naye asiachwe nyuma. Mwonyeshe sehemu ya hedhi na ya moyo katika jibu hili, kisha mwombe aje nawe shuleni. Binti akiwaona wawili mkiwa na neno moja, hatapata mlango wa kupitia katikati yenu. Mkienda, chukueni kadi yake ya kliniki, karatasi yenye tarehe ya hedhi ya mwisho, na majibu ya mama mkwe kuhusu marehemu. Mwombeni mwalimu mkuu ruhusa ya siku mbili, moja ya vipimo na moja ya kuzungumza na daktari. Majibu yakitoka, niandikie tena.