Chonge ya Chini Haijatoka?

Ndugu wanavikundi, tukague vinywa vya watoto wetu. Chonge za chini za ukubwani hutoka kwenye miaka 9 au 10. Mtoto akifika 12 na chonge haipo, au ile ya utotoni imeng'ang'ania, tusingoje eti haiumi. Wala ising'olewe kwa kukisia. Picha ya eksirei ndiyo inayoonyesha kama jino la ukubwani halipo kabisa, basi la utotoni litunzwe, au limelala ndani ya taya. Likijulikana mapema, pengine laweza kuvutwa taratibu likae mahali pake.

Tuulizane pia: alipokuwa mchanga, alichokolewa fizi kutolewa "meno ya plastiki"? Yale ni chonge changa tu, na kuzichokoa huharibu za ukubwani.

Nauli ya boti kutoka Faza hadi Lamu si kidogo. Kikundi kiiwekee akiba.