SOMO LA BIBLIA: BOAZI, MKULIMA WA BETHLEHEMU

Kabla ya kuendelea na somo hili, tafadhali fungueni Biblia zenu na kusoma Kitabu cha Ruthu. Kina sura 4 tu. Mtu aweza kukimaliza jioni moja, tena kwa sauti, watoto wakisikiliza. Mara nyingi tukikisoma tunawatazama Ruthu na Naomi, na ni haki yao. Leo tumtazame mtu wa tatu, yaani Boazi.

Boazi alikuwa mkulima. Hakuwa nabii wala kuhani, wala hakuwa mwamuzi, ingawa aliishi siku za Waamuzi. Mashamba yake ya shayiri na ngano yalikuwa Bethlehemu, karibu kilomita 10 kusini mwa Yerusalemu. Maana ya jina la mji huo ni Nyumba ya Mkate, lakini kitabu kinaanza kwa njaa. Kwa sababu ya njaa hiyo Elimeleki alihamia Moabu pamoja na mkewe Naomi na wana wao wawili. Huko wanaume wote watatu wakafa. Naomi akarudi kwao akiwa mjane, akifuatana na mkamwana wake Ruthu, Mmoabi, naye mjane. Walifika mwanzo wa mavuno ya shayiri, hawana kitu.

Sasa angalieni jambo moja. Katika sura zote 4 hatumwoni Boazi madhabahuni hata mara moja. Hata hivyo hakuna msomaji anayetilia shaka kwamba alimcha Mungu. Tunajuaje? Tumfuate mahali panne.

1. Kati ya wafanyakazi wake (2:4-7). Boazi alipofika shambani aliwasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wakamjibu kwa kumtakia baraka. Hakuanza kwa kuhesabu miganda. Tena alimwona mgeni mmoja, akauliza habari zake. Tajiri asiyewaona watu wa chini shambani mwake hawezi kuwatendea mema.

2. Pembeni mwa shamba (2:8-17). Torati iliwaamuru wakulima wasivune pembe za mashamba, wala wasirudie masuke yaliyoanguka. Hayo yalikuwa ya maskini na wageni (Mambo ya Walawi 19:9-10). Mganda uliosahauliwa nao uliachwa kwa mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu la Torati 24:19). Boazi alitimiza amri hiyo, kisha akaipita. Aliwakataza vijana wasimguse Ruthu. Alimruhusu kunywa maji yao, akamkaribisha kula pamoja nao. Akawaagiza wavunaji wachomoe masuke katika matita na kuyaangusha makusudi. Jioni Ruthu alipata kama efa moja ya shayiri, yaani zaidi kidogo ya debe moja kwa kipimo chetu. Na alipata kwa kazi ya mikono yake, bila kuaibishwa.

3. Kwenye kiwanja cha kupuria (sura ya 3). Boazi alilala kando ya chungu ya nafaka yake. Usiku Ruthu alimwendea, kwa shauri la Naomi, akamwomba ajitwike wajibu wa jamaa aliye karibu. Palikuwa giza, wala hapakuwa na shahidi. Boazi angeweza kumtumia mwanamke yule asiye na mtetezi. Badala yake alilinda heshima yake, akamwambia kweli kwamba yuko jamaa mwingine wa karibu zaidi, akampa shayiri ya kumpelekea mama mkwe wake.

4. Kwenye lango la mji (sura ya 4). Asubuhi Boazi aliketi langoni, akaita wazee 10. Habari ilikuwa ya shamba la marehemu Elimeleki. Yule jamaa wa karibu alikubali kulinunua. Lakini aliposikia kwamba pamoja na shamba kuna wajibu kwa Ruthu, ili jina la marehemu lisipotee, alikataa, akihofu kuharibu urithi wake mwenyewe. Alitaka ardhi, hakumtaka mjane. Boazi alivichukua vyote viwili, mbele ya mashahidi. Ruthu akamzaa Obedi, baba wa Yese, baba wa Daudi. Yule aliyelinda urithi wake hatumjui hata jina. Boazi ametajwa katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo (Mathayo 1:5).

Ndugu zangu, hapo penye lango ndipo somo hili linapotugusa. Katika Sikukuu ya Mavuno tunaleta mahindi, maharage na kuku mbele ya madhabahu. Ni vema. Lakini mahindi hayo yametoka katika shamba la nani? Wako wajane ambao matanga hayajaisha, shemeji zao wamekwisha kupima shamba kwa hatua. Na wanaopima pengine ni watu wa Kanisa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Lakini sheria haiendi yenyewe kwenye kikao cha ukoo. Inahitaji mtu kama Boazi, mwenye heshima kati ya wazee, aseme neno la haki kwa sauti, mashahidi wakisikia.

Wala tusilitumie somo hili kutetea desturi ya kumrithi mjane kwa nguvu. Ruthu ndiye aliyemwendea Boazi na kumwomba. Hakushurutishwa naye.

Mkulima anayelima miaka yote, akalea watoto wake na kukaa katika kiti chake kanisani kila Jumapili, ana sifa njema. Boazi anatuonyesha kwamba ibada hiyo huthibitishwa penye mpaka wa shamba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Vibarua wetu wanasalimiwaje na kulipwaje?
2. "Pembe ya shamba" kwa mtu asiye mkulima, mwenye duka au mshahara, ni kitu gani?
3. Katika mtaa wetu, nani anasimama na mjane kikao cha ukoo kinapokaa?