Taa ya Injini Inapowaka na Kuzimika

Ndugu wasomaji, nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo hapa na sasa mna magari yenu wenyewe, nataka kuwaelezeni habari za taa moja ndogo ya manjano, yenye umbo la injini, iliyo mbele ya dereva. Watu wengi waijua, lakini wachache wajua kwamba ina maneno mawili. Ikiwaka moja kwa moja, yasema, “Kuna kasoro, nipeleke kwa fundi siku hizi za karibu.” Lakini ikiwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, yasema, “Punguza mwendo sasa hivi, kuna kitu kinachoharibika!”

Mfano wangu ni pikapu ya Toyota Hilux yenye injini ya petroli ya lita 2.7, kwa kuwa tunayo ya namna hiyo hapa shuleni. Pikapu ya dizeli haina plagi za cheche, basi somo hili si lake.

Injini hiyo ina silinda nne. Kila silinda hupata cheche mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,500 kwa dakika hiyo. Sasa fikirini watu wanne wanaotwanga kwa zamu katika kinu kimoja. Mmoja akikosa zamu yake, hata aliye nje ya ua husikia. Kompyuta ya gari yafanya vivyo hivyo: yapima mwendo wa krenki, na silinda moja isipowaka, krenki hulegea kidogo papo hapo. Kwa kuhesabu zamu kompyuta yajua ni silinda ipi. Mafundi husema injini “inamisi”.

Hatari yenyewe iko nyuma. Petroli isiyoungua katika silinda hutoka pamoja na moshi, ikafika kwenye masega. Hayo ni tofali la udongo wa kauri lenye matundu mengi madogo, lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kusafisha moshi. Petroli hiyo huungua humo, na moto huzidi hata kauri ikayeyuka na kuziba njia. Kwa ajili ya madini hayo, masega ni ghali mno kupita plagi. Tena msiegeshe gari la namna hiyo juu ya majani makavu, kwani joto la chini yake laweza kuyawasha.

Basi dereva afanye nini? Aondoe mguu kwenye mafuta, asivute mzigo kupanda mlima. Taa ikiacha kupepesa, aende polepole mpaka mahali pa kutengenezea. Ikiendelea, asimame na kuzima injini. Lakini mtaniuliza, je, akiwa amechukua mgonjwa kumpeleka hospitali? Kwa maoni yangu, kama hakuna gari jingine la karibu, aende, lakini kwa upole, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Masega hununuliwa, mtu hanunuliwi. Akinusa moshi wa kitu kinachoungua, hapo hana budi kusimama na kuwashusha watu.

Sasa tutafute ugonjwa. Chini ya usukani pana soketi yenye nafasi 16 za pini. Sheria ya Marekani ililazimisha namna hii katika magari madogo yote mapya ya huko tangu mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Ndiyo maana chombo kimoja cha kusomea hufaa magari mengi. Kikionyesha P0302, maana yake silinda ya pili yakosa moto. P0303 ni ya tatu. Silinda ya kwanza ni ile iliyo mbele, upande wa feni. Kikionyesha P0300, zamu zakosekana huku na huku. Hapo usianze na plagi moja, bali tazama kama petroli ina maji, kama pampu imedhoofika, au kama mpira wa hewa umepasuka.

Tuseme tumepata P0302. Mafundi wengine hubadili plagi zote na koili zote mara moja, na mwenye gari hulipa. Mimi sipendi njia hiyo, maana ni kubahatisha kwa fedha za mtu mwingine. Zima injini, iache ipoe kabisa. Hamisha koili ya silinda ya pili uitie kwenye ya tatu, na ile ya tatu kwenye ya pili. Futa nambari, washa injini tena kwa muda mfupi. Nambari ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Fanya vivyo hivyo kwa plagi. Wala usichomoe koili injini ikinguruma: umeme wake ni mkali, na petroli yote ya silinda hiyo itakwenda kwenye masega.

Ukitoa plagi, itazame vizuri. Rangi ya kahawia hafifu ni ya afya. Ikiwa imelowa petroli, haikuwaka. Kauri yake ikiwa na ufa, itupe. Tazama na shimo lenyewe: mara nyingi gari lililooshwa injini kwa maji ya nguvu huwa na maji humo, na gari kuukuu huwa na oili iliyovuja kutoka juu. Plagi isitolewe injini ikiwa moto, kwa kuwa kichwa cha alumini huharibika nyuzi zake.

Koili na plagi zikiwa nzima, hupimwa kipulizia petroli, kisha mgandamizo wa silinda. Ukiwa mdogo katika silinda moja tu, huenda valvu imeungua au gasketi imepasuka, na hiyo ni kazi ya gereji. Na kama baada ya kutengenezwa gari halina nguvu mlimani, na chini yasikika sauti kama ya kokoto katika kopo, masega yamekwisha kuvunjika.