Tiba kwa Vitendo na Jinsi Inavyodhaniwa Vibaya



Tiba kwa vitendo, ambayo wengine huiita tiba ya kazi, imewapotosha wengi kwa jina lake. Mmoja akilisikia hudhani ni ofisi ya kuwatafutia watu kazi ya mshahara. Wengine, hata waganga wenye elimu, huihesabu kuwa ni mazoezi ya viungo tu. Tena wako waonao mgonjwa akichambua maharagwe au akifunga vifungo, wakasema, "Huu ni mchezo wa kupitisha muda."

Mimi nami nalisema hivyo. Mzee mmoja wa mtaa wetu alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kuume ukapooza. Mkewe akamlisha kama mtoto, akamvika, akamwogesha, nasi sote tukamsifu. Hata alipokuja binti wa hospitali na kumtaka mzee avae shati mwenyewe, jambo lililochukua nusu saa nzima, mama akalia, nami nikamkemea yule binti. Nilikosa. Hakuwa akimtesa, bali alimfundisha kuingiza kwanza mkono ulio dhaifu, ndipo ule mzima. Na wakati wa kuvua, aanze na ule mzima. Kisha akazungusha kitambaa kwenye mpini wa kijiko upate kuwa mnene, ili mkono usio na nguvu uweze kuushika. Baada ya miezi kadha mzee alikula mwenyewe mbele ya wajukuu. Akaniambia, "Mchungaji, njaa haikuniuma kama kulishwa mbele yao."

Basi kazi hapa maana yake ni yote yaijazayo siku ya mtu: kuoga, kupika, kulima, na kwa mtoto, kucheza. Mwenye mazoezi ya viungo hutazama zaidi jinsi mkono upatavyo nguvu. Huyu huuliza mkono huo utafanya nini nyumbani, na usipoweza, hubadili chombo, au kiti, au kizingiti cha mlango. Wote wawili wanahitajiwa.

Wala si jambo la jana. Marekani, mwezi wa Machi 1917, watu 6 walikutana Clifton Springs katika jimbo la New York, wakaanzisha chama cha kwanza cha tiba hii. Mwenyeji wao, George Barton, alikuwa msanifu wa majengo aliyeugua kifua kikuu na kupooza upande wa kushoto, akajiponya kwa useremala na bustani. Kwetu Tanzania wataalamu hawa hufundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC.

Walakini wagonjwa wengi hupelekwa wamechelewa. Mkono uliopooza ukiachwa mwezi baada ya mwezi hukakamaa, kiwiko hujikunja, na kuunyosha huwa taabu kubwa. Kwa hiyo mgonjwa wa kiharusi akiwa angali hospitalini, mwulizeni mganga habari ya tiba hii kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.