Mazoezi ya mwili ya kulipia katika telefone: mama, yanafaa?

Mama, siku hizi hata huku kwetu Sakania telefone inakuletea vitu ambavyo hukuviomba. Unafungua WhatsApp upate habari ya jamaa wa Lubumbashi ao wa Ndola, na kumbe kuna picha ya mwanamke: upande mmoja tumbo kubwa, upande mwingine tumbo limelala kabisa. Chini wameandika: siku 30, bila mashine, nyumbani kwako, lipa kwa Airtel Money ao M-Pesa. Basi siku ya kupima watoto akina mama wanatuuliza: "Ile mazoezi ni ya kweli? Nilipe?"

Tuangalie kwanza wanauzisha nini. Mazoezi yenyewe ni ya uzito wa mwili wako: kuchuchumaa na kusimama, kujisukuma kwa mikono, kulala chali na kuinua matako, kuruka, kutembea mbio mbio. Hayakuvumbuliwa jana. Tangu miaka ya 1920, kule Marekani, Charles Atlas alikuwa anauzisha masomo ya namna hii kwa njia ya posta. Na zaidi ya miaka 60 iliyopita jeshi la anga la Kanada lilitoa mpango wa wanawake unaoitwa XBX: mazoezi 10, dakika 12 kwa siku, yote ndani ya kitabu kidogo. Leo YouTube imejaa mazoezi yale yale bila malipo. Kwa hiyo mwenye kulipa halipii mazoezi. Analipia mtu wa kumpangia: leo hili, kesho lile, juma lijalo ongeza kidogo.

Kupangiwa ni kitu cha maana, hatukatai. Mwili unapata nguvu ukiongezewa kazi pole pole. Lakini mpango huo hata wewe unaweza kuufanya. Simama mbele ya ukuta, weka mikono ukutani, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, kisha jisukume nyuma. Fanya mara 8. Ukiweza mara 15 bila kuchoka sana, acha ukuta, shika meza nzito isiyoteleza. Meza ikikuwa rahisi, piga magoti chini kwenye kitenge. Ni hivyo tu. Na kuchuchumaa vilevile: anza kwa kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, kisha tafuta kiti kifupi zaidi. Ile "siri" wanayoificha mpaka ulipe, njo hii.

Sasa swali lingine: wewe unakosa mazoezi? Shirika la Afya la Ulimwengu, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa juma za kutikisa mwili kwa nguvu ya kadiri, na mama aliyezaa, kama hana shida, apate angalau 150. Tena kazi ya nyumbani, ya shamba na ya kutembea inahesabiwa. Mama anayetoka asubuhi kwenda shamba, anayechota maji na kutwanga mihogo, amekwisha kupita hesabu hiyo kabla ya siku ya tatu. Huyo asilipe mtu amfundishe kuchoka! Kama ana jambo la kutafuta, ni kupumzika na kula vizuri. Lakini yule anayekaa dukani ao ofisini kutoka asubuhi mpaka jioni, mwili wake unadai kweli. Atembee mbio mbio dakika 30, siku 5 kwa juma, na siku 2 afanye yale ya ukuta na kiti.

Lakini tunajua kinachowasumbua wengi si nguvu. Ni tumbo. "Nilizala miezi tatu, na bado watu wananiuliza mimba ni ya miezi ngapi." Maneno hayo yanaumiza, na wenye kuuzisha wanajua yanaumiza, njo maana wanaweka picha ya tumbo.

Ujue hivi. Kizazi chenyewe kinahitaji karibu majuma 6 kurudia ukubwa wake. Tena, wakati wa mimba, misuli miwili ya mbele ya tumbo inaachana katikati ili mtoto apate nafasi. Kwa wengi inakaribiana tena mpaka juma la 8. Unaweza kujipima: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, gusa katikati ya tumbo, juu na chini ya kitovu. Ukisikia shimo ambalo vidole zaidi ya viwili vinaingia, na juma la 8 limepita, uje tukuangalie. Mama mwenye shimo hilo akifuata video ya kuinuka na kulala mara 50, ao ya kuruka ruka, tumbo linaweza kutokea mbele zaidi. Msichana wa ile video hakuzaa juzi, na hakujui wewe. Hajui kama ulizaa kwa njia ya kawaida ao ulipasuliwa. Aliyepasuliwa asianze mazoezi ya tumbo kabla muganga hajaangalia kovu, karibu majuma 6 kwa uchache. Kutembea pole pole kunaruhusiwa mapema.

Tena hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya tumbo peke yake. Mafuta yanapunguka mwilini mwote, pole pole. Kufunga tumbo kwa kitambaa kunaweza kukutuliza mgongo, lakini hakuyeyushi mafuta.

Kuna zoezi moja ambalo karibu kila mama linamfaa, na watu wa picha hawalionyeshi kwa sababu halionekani. Kaza misuli ya chini kama vile unazuia mkojo na upepo kwa pamoja. Hesabu mpaka 5, legeza, pumua, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, hata ukiwa unanyonyesha ao unangoja bukari iive. Usifanye wakati wa kukojoa. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika juu yake mwaka 1948, na mpaka leo tunalifundisha kwa wanawake wanaotokwa na mkojo kidogo wakikohoa ao wakicheka. Linataka miezi, si siku, tena halina bei.

Wengine wanasema mazoezi yanaharibu maziwa. Hapana. Mazoezi ya kadiri hayadhuru maziwa. Nyonyesha kwanza ndipo ufanye, matiti yasiwe mazito. Kitu kinachotutia hofu ni ule ukurasa wa chakula unaokuja pamoja na programu: usile bukari, usile jioni, kunywa chai hii ya kupunguza tumbo. Mama anayenyonyesha shurti ale zaidi ya zamani: maharagi, kapenta, karanga, sombe, lenga-lenga. Chai hizo usizinywe.

Na franka? Pamoja na bei ya programu, hesabu mega zitakazokulwa na video kila siku. Usimpe mtu namba ya siri ya telefone yako, hata akisema anataka kukurudishia pesa. Anayeahidi tumbo la siku 30, ao anayesema bei ni ya leo tu, mwache. Kama umekwisha kufanya yale ya bure miezi miwili bila kuacha, pesa ya nyumba haipunguki, na mwalimu anakuuliza kwanza juu ya uzazi wako, hapo lipa ukipenda, lakini mwezi mmoja kwanza, si mwaka mzima.

Ukifanya mazoezi, ya bure ao ya kulipia, acha mara moja na uje hospitali kama damu inaongezeka, kovu linauma ao linatoa maji, mguu mmoja umevimba na kuuma, kichwa kinagonga sana, una homa, ao pumzi inakata. Ukisikia kitu kizito kinashuka ukeni, usikibebe kwa siri. Hata hicho kina msaada. Na kama mkojo ao mavi yanatoka yenyewe usiku na mchana, hiyo si kazi ya mazoezi hata kidogo. Ni tundu, na madaktari wanalishona, kama wanavyofanya katika Hospitali ya Panzi kule Bukavu, ile ya daktari Denis Mukwege. Usingoje siku ya kupima mtoto, uje hata kesho asubuhi.