Kabla ya kutandika mpira, ijue sakafu yako

Kuna swali ambalo mnanirudishia kila mara, hasa nyinyi mama wenye watoto wadogo: Yaya, nimepata chumba kimoja hapa kwenye parsele, nataka nifanyie mazoezi nyumbani, ninunue mpira gani wa kutandika chini? Naelewa mnakotoka. Alfajiri kabla watoto hawajaamka ndiyo saa yenu ya peke yenu, na saa hiyo barabara bado ni giza. Chumba cha mazoezi nyumbani si anasa kwa mwanamke wa namna hiyo, na nataka akipate kwa pesa atakazotoa mara moja tu.

Jibu langu linaanzia mahali ambapo hamkuniuliza: sakafu. Mvua za Lubumbashi zinaanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Machi, Aprili. Udongo wetu mwekundu unakunywa maji miezi yote hiyo. Kama fundi aliyemwaga simenti yako hakuweka karatasi ya plastiki chini yake, unyevu unapanda polepole kupitia kwenye sakafu na kupotea hewani bila wewe kuuona. Ukishaifunika kwa mpira mzito, unyevu huo unakosa pa kutokea. Unakusanyika chini, kuvu inaota, na baada ya masika moja chumba kinanuka uvundo ambao sabuni haiutoi.

Kupima ni rahisi. Kata plastiki angavu ya nusu mita kwa nusu mita, ilaze kwenye simenti, zungushia skochi pana pande zote nne pasipite hewa, uiache siku mbili. Ukikuta matone ndani yake, au simenti ya chini imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, sakafu inatoa maji. Fanya hivyo wakati wa mvua. Ukipima Agosti, wakati ardhi yote imekauka, utapata jibu zuri ambalo Januari litakugeuka. Na unyevu ukionekana, anza nje: tazama maji ya bati yanaangukia wapi, na kama mfereji unayapeleka mbali na ukuta. Mara nyingi dawa iko huko, na ni bei ndogo kuliko mpira wenyewe.

Wapo mafundi watakaokushauri uweke mbao au plaiwudi kwanza, halafu mpira juu. Hapa kwetu mimi nakataa. Mnaviona vichuguu vilivyo kuzunguka mji huu. Mchwa wa Katanga hahitaji kualikwa, na mbao iliyofichwa gizani penye unyevu ni chakula chake. Kama sakafu ina mabonde, yajaze kwa simenti, uache ikauke vizuri. Kama ni karo, igongegonge moja moja kwa kidole. Inayolia utupu ibanduliwe na kukazwa upya, maana uzito ukidondoka juu yake itapasuka chini ya mpira na hutajua. Na kama chini kuna lile zulia la plastiki linalobandikwa, liondoe. Mpira mweusi ukikaa juu ya plastiki ya namna hiyo huacha doa la kahawia lisilofutika.

Wapangaji, sikilizeni hapo. Nyumba nyingi za commune ya Lubumbashi tunazikalia kwa kulipa garanti, na doa kwenye sakafu ni sababu tosha ya garanti hiyo kutorudi. Ndiyo maana nawapendekezea vipande vinavyoshikana kwa meno badala ya mpira wa kubandika kwa gundi. Vinalala vyenyewe kwa uzito wao, na siku ya kuhama mnavibeba. Piga picha sakafu kabla hujatandika, mwenye nyumba akiwa hapo.

Sasa mpira wenyewe. Dukani utakuta vitu viwili vinavyofanana umbo. Kimoja ni sponji ya rangi rangi, nyepesi, ile wanayochezea watoto. Hiyo inafaa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya tumbo, lakini ukiweka vyuma juu yake inabonyea na hairudi, na ukisimama na uzito mabegani miguu inayumba. Kingine ni mpira mzito, kwa kawaida umetengenezwa kwa chembe za tairi za gari zilizosagwa na kugandishwa. Huo ndio wa kununua. Kwa kuruka kamba, kuchuchumaa na vyuma vya mkononi, unene wa milimita 8 hadi 10 unatosha. Milimita 20 ni kwa anayeangusha chuma kizito kutoka kiunoni kwenda juu, na hata huyo hahitaji chumba kizima. Chuma kirefu cha mashindano ya wanaume kina urefu wa mita 2.2, mpira mnene ukae pale sahani zake zinapotua, basi. Mpaka kati ya mnene na mwembamba uwe ukutani au pembeni, usiwe pale miguu inapopita.

Piga hesabu kabla ya kwenda. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba; kwa vipande vya santimita 50 unahitaji 48, na ongeza vitano vya kukata na akiba. Mita moja ya mraba ya mpira wa milimita 10 ina uzito wa karibu kilo 10, kwa hiyo ni kilo 120 za kusafirisha. Muuzaji akikupa mzigo wa ukubwa huo ukaubeba kwa mkono mmoja, umeuziwa sponji. Mwombe pia aunganishe vipande vinne mbele yako. Pembe nne zikikutana bila tundu la kupitisha ncha ya kidole, vimekatwa vizuri.

Kuna jambo moja nalisema kwa uzito wote. Katika mji wa migodi, mtu anaweza kukupa kwa bei ya bure mkanda mkuukuu wa mpira uliobeba mawe ya shaba na kobalti. Ni mnene, ni imara, unavutia. Usiuingize nyumbani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, na watoto ndio walioathirika zaidi. Vumbi, kama lile lililojikita kwenye mkanda huo, ni moja ya njia zinazotiliwa shaka kuingiza kobalti mwilini. Mtoto anatambaa chini na kuweka mikono mdomoni.

Kutandika kwenyewe ni kazi ya nusu siku kwa watu wawili. Vipande vilivyosafiri vimebanwa kwenye lori kutoka mpakani Kasumbalesa vifunguliwe na kulazwa chumbani usiku mzima, madirisha wazi, vinyooke na harufu ipungue. Fagia, kisha piga deki, usubiri pakauke. Usiamini kuta kuwa zimenyooka: pima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili panapaswa kuwa mita 5 kamili. Kama sivyo, chora mstari wako wa chaki na uanzie hapo. Gonga meno kwa nyundo ya mpira. Kata kwa wembe mpya ukifuata rula ya chuma, mara kadhaa taratibu, bila kutumia nguvu. Acha nafasi ya milimita 5 hadi 10 ukutani, hasa kama unatandika Juni au Julai kwenye baridi. Joto la Oktoba linatanua mpira, na ukikosa nafasi utainuka katikati.

Baadaye, kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha. Javeli kali na esansi vinaula mpira. Fagio kavu linarusha vumbi hewani, mkalivuta wote, kwa hiyo piga deki. Katikati ya msimu wa mvua inua vipande vya kona uangalie chini. Kukiwa na unyevu, simamisha vyote ukutani vipate hewa siku mbili. Na viatu vya barabarani viishie mlangoni, hata vya baba wa nyumba.